Tulivyosoma Majina ya Wafu wa Kambini

Daktari wa koo ameniambia kwamba sauti yangu imechoka kabla yangu, na kwa kuwa redio haina kazi ya kumpa mtangazaji anayenong'ona, nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Wapo wakubwa wa mji huu ambao, nadhani, waliliombea jambo hili kwa miaka mingi. Nawapongeza kwa subira yao. Ninyi wenzangu vijana wa chumba cha habari mmeniomba niwaachie maandishi machache kuhusu kazi. Nitaandika, ila msitafute humu vyeo nilivyopanda wala mshahara niliopokea. Vyeo vilikuwa vingi kuliko viti, na mshahara ulikuwa habari isiyopata kuthibitishwa na chanzo cha pili.

Niliingia redioni na shahada ya historia mkononi na dhana kwamba historia ni mambo yaliyokwisha. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka na kujaza uwanda wote wa Goma, kuanzia Kibumba kaskazini hadi Mugunga upande wa Sake. Siku yangu ya kwanza sikupewa habari yoyote ya kuandika. Nilikabidhiwa karatasi zenye majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao, nikaambiwa nisome. Nikasoma kwa kasi ya msomi anayetaka kuonekana hababaiki. Nilipotoka studioni nilimkuta Papa Anicet, msomaji wetu wa komunike, amekaa kwenye benchi huku ameshika kichwa.

"Profesa," akaniambia, na jina hilo likaniganda mpaka leo, "unasoma sawa vile mutu anakimbia mvua. Jina ya mutu unaipatia nafasi. Kuko mama kule Kibumba eko anasikiliza kwa redio ya jirani. Ukikimbiza jina ya mutoto wake, umemupoteza mara ya pili."

Kwa wasomaji wa mbali, nieleze komunike ni nini. Mtu akifa Goma, familia huleta redioni karatasi, nasi huisoma asubuhi na jioni: jina la marehemu, amefia wapi, kilio kiko nyumbani kwa nani, mwili utatoka morgue, chumba cha maiti, siku gani na saa ngapi. Taarifa ya habari watu huisikiliza huku wanakaanga mandazi. Komunike zikianza, kijiko husimama. Papa Anicet alizisoma kwa miaka mingi akiwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza, hakuna sifa: marehemu hakuwa mwema wala mpendwa, alikuwa na jina. Ya pili, hakuna kubadilisha mahali pa kifo, kwa kuwa ndugu aliye mbali ataulizia pale pale palipotajwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kujifariji. Kinasa sauti kimoja kwa waandishi watatu, mikro iliyovishwa soksi ya mtoto dhidi ya upepo wa ziwani, na betri ambazo zikichoka tulizianika juu ya mawe meusi ya volkano hadi zipate joto na kukubali dakika kumi zaidi. Nilijifunza kumuuliza mtu swali moja tu, kisha kunyamaza. Nilijifunza pia, kwa kuchelewa, kwamba si kila sauti inayosikika vizuri inastahili kusikika. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Miaka ilipita, vita vikabadilisha majina mara kadhaa bila kubadilisha barabara vilizopitia. Mwishoni mwa mji palikuwa na kambi ya kijeshi ambayo sitaitaja. Msidhani kambi kwetu ni mahali pa askari peke yao. Ndani yake waliishi wake zao na watoto wao, kuku wao na nguo zao zilizoanikwa juu ya uzio, na robine moja, bomba la maji, kwa wote. Jumanne moja, asubuhi, wakati wa kuita majina ya askari, mmoja wao aliinua bunduki akawafyatulia wenzake waliosimama mstarini, kisha akaigeukia robine, ambako wanawake na watoto walikuwa wakingoja na bidoni zao za maji. Wenzake walimwua kabla hajamaliza risasi. Kwa nini alifanya vile, sijui. Nimesikia sababu saba, na kila aliyenipa mojawapo alikuwa na uhakika.

Kabla ya saa tatu nilikuwa barabarani na kinasa sauti, nikikusanya maoni ya wananchi. Dereva wa pikipiki alikuwa wa kwanza. "Muzee, ile kichwa ilipasuka. Mutu anatumwa front, anarudishwa, anatumwa tena. Weye ungebakia na akili?"

Mama muuza sombe, yaani kisamvu, akadakia bila kuulizwa: "Bamalizane benyewe! Wakati beko banatunyanganya vitu ku barabara, nani alitulilia?"

"Nyamaza, weye," jirani yake wa meza ya pili akamkatiza. "Batoto ba ku robine nabo balikunyanganya nini? Sombe?"

Watu wakacheka, kisha wakaona aibu. Hapo ndipo bwana mmoja mwenye koti alipojisogeza karibu na mikro. Alisema anamjua aliyefyatua risasi, akataja kabila lake, akasema watu wale wote wako vile, kwamba iko katika damu yao. Sauti yake ilikuwa safi, haina upepo, kila neno limekamilika. Nilirudi studioni nikaikata vizuri, nikaiweka mwishoni mwa taarifa ya mchana, mahali ambapo sauti bora huwekwa.

Sikulitamka kabila lile kwa kinywa changu, na kwa siku nzima nilijificha nyuma ya ukweli huo. Saa tisa alasiri mawe yalianza kuanguka juu ya mabati ya familia moja yenye asili ile, watu wasiojua hata njia ya kwenda kambini. Walikimbilia parokiani na watoto na godoro moja. Papa Anicet alikuja kuniambia. Hakupandisha sauti.

"Ile sauti ilikuwa muzuri sana, Profesa."

Nilijifanya napanga karatasi.

"Muzuri ya kuvunja mabati."

Kesho yake asubuhi barua ilifika, ina mhuri na imesainiwa na mkubwa wa usalama. Kwa sababu redio ilikuwa imechochea vurugu, jambo ambalo safari hii lilikuwa kweli, ilipigwa marufuku kutangaza habari, mahojiano, uchambuzi au maoni yoyote ya umma kuhusu tukio la kambini. Iliambatana na tamko tulilotakiwa kulisoma mara moja: tukio lilikuwa la ndani, kati ya wanajeshi, hakuna raia aliyepoteza maisha, hali imedhibitiwa. Mimi ndiye niliyewapa kisingizio. Walihitaji kufunga midomo ya mji, nami niliwapelekea kufuli ikiwa tayari na ufunguo.

Saa chache baada ya tamko kusomwa, mwanamke aliingia ofisini kwetu akiwa na kitambaa cheusi kichwani na vumbi jeusi la lava hadi magotini. Alikuwa mke wa sajenti aliyekuwa mstari wa mbele ng'ambo ya Kibumba. Familia yao ilitoka upande wa Bukavu. Kambini walimwita Mama Esther. Esther, binti yake wa miaka kumi na mmoja, alikuwa robineni siku ile.

"Mulisoma hakuna raia alikufa," akasema. "Mutoto yangu alikuwa na grade gani ya jeshi?"

Nilimweleza habari ya barua. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kana kwamba sikusema neno. Mwili wa Esther ulikuwa katika morgue ya hospitali ya kijeshi. Aliuona kwa macho yake Jumanne ile ile, kati ya askari wawili, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Aliporudi na nguo za kumvisha, walinzi walimwambia hakuna raia mle ndani. Mfagiaji wa morgue, mwanamke mwenzake, alimnong'oneza kwamba Ijumaa saa sita mchana miili yote ingefukiwa katika shimo moja ndani ya kambi, bila familia kuitwa.

"Baba yake akirudi nitamuonyesha nini? Uwanja wa gwaride? Nataka mutoto yangu. Nimuzike na jina yake. Sitafuti kingine."

Nilianza kusema tena kuhusu barua. Papa Anicet alikuwa amekwisha kuichukua mezani, akavaa miwani, akaisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaisoma mara ya pili. Kisha akainua kichwa.

"Profesa, weye uko na diplome. Nionyeshe hapa ndani wapi baliandika komunike ya kilio."

Haikuwamo. Walikuwa wamekataza kila kitu walichokijua kuwa ni habari, na hakuna mkubwa aliyewahi kufikiri kwamba komunike ni habari. Wake zao wenyewe walizileta kwetu.

Tulikaa watatu tukaandika. Mimi nilitaka kuweka neno "kikatili". Papa Anicet akalifuta. Nilitaka kuweka "asiye na hatia"; akalifuta pia. "Jina, mahali, saa," akasema. Tulipofika kwenye saa ya kutoa mwili, nilisita. Nani alikuwa amekubali kuutoa?

"Komunike haiombake ruhusa," akasema. "Inatangaza. Andika Ijumaa, saa tatu ya asubuhi."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa akikifanya. Katika mji huu saa ya kutoa mwili ikishatajwa redioni, watu huenda. Huenda majirani, huenda waimbaji wa parokia, huenda waliosoma na shangazi wa marehemu. Hawaulizi kama ni halali. Wanauliza waje na sare ya kitambaa gani.

Jioni ile ile, baada ya taarifa ambayo haikuwa na neno lolote kuhusu kambi, niliomba niisome mwenyewe. "Familia ya Mama Esther, mke wa sajenti aliye mstari wa mbele, inawatangazia ndugu, majirani na marafiki wa Goma, Bukavu na kwingineko kifo cha binti yao, Esther Nabintu, mwenye miaka kumi na mmoja, kilichotokea Jumanne asubuhi kwenye robine ya kambi. Kilio kiko nyumbani, ndani ya kambi. Mwili utatoka morgue ya hospitali ya kijeshi Ijumaa, saa tatu asubuhi." Nililipa jina lake nafasi. Nadhani sikuwahi kusoma vizuri zaidi ya pale, na hapakuwa na kivumishi hata kimoja cha kunisaidia.

Alhamisi asubuhi ukumbi wetu ulijaa. Walikuja wake wa askari, mama zao, dada zao, kila mmoja ameshika karatasi iliyokunjwa. Wengi wa wafu wao walikuwa wanajeshi kweli, lakini hata hao tamko halikuwa limewataja. Papa Anicet aliziandika upya moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na mahali: mstarini, kambini, robineni, kambini, na saa ile ile, Ijumaa, saa tatu.

Kabla ya saa nne kapteni wa usalama aliingia. Wanawake wakampisha njia bila kumsalimu.

"Nani aliwapatia ruhusa ya kutangaza mambo ya kambi?"

"Hatukutangaza mambo ya kambi, Kapiteni," Papa Anicet akajibu. "Tulitangaza kilio."

"Barua hamukuisoma?"

"Mara tatu. Njo maana tunaifwata."

Mwanamke mmoja ukumbini akakohoa kikohozi kisicho na homa. Kapteni akashusha sauti, akaomba kwa namna ya mtu anayetoa amri. Tuliondoe neno kambi. Tuandike tu kwamba wamefia Goma. "Goma ni mukubwa. Inatosha."

"Kapiteni, mama yako alipokufa, ni mimi nilisoma. Nilisema hospitali gani, pavio gani, kitanda gani. Ungekubali niseme alikufa Goma tu, sawa vile mutu alianguka ku njia?"

"Mama yangu alikufa na malaria."

"Hawa balikufa na risasi. Mahali pa kufa hatubadilishake."

Kapteni alivaa kofia yake. Alituambia kwamba hewa yetu ingeweza kukatika wakati wowote, na kwamba tusije kusema hatukuonywa. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikihesabu hatua za kufika barabarani. Naliandika hili ili msije mkadhani ukaidi ni tabia ya watu wasioogopa.

Alipotoka, bibi mmoja aliyekaa kimya pembeni tangu asubuhi alinyanyuka akanipa karatasi yake. Nililisoma jina. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akalisoma pia, juu ya bega langu, akapiga kelele.

"Huyu njo mama ya ule mwuaji!"

"Atoke!"

"Mutoto wake anatuulia batoto, na yeye analeta komunike? Hana hata haya?"

Bibi hakurudi nyuma. "Sikukuja kuomba radhi ku redio," akasema. "Radhi yenu siwezi kuibeba. Nakuja kusema nilizaa mutoto na amekufa. Nitamulilia wapi, chini ya kitanda?"

Niwe mkweli: nilitaka kumkatalia. Jina lile likisomwa, niliwaza, vijana wenye mawe wangekuja Ijumaa, na walinzi wangepata sababu ya kututawanya, na Esther angeishia shimoni. Nikamtazama Mama Esther, ambaye naye alikuwa amerudi asubuhi ile. Ukumbi mzima ukamtazama. Alikuwa akilipapasa furushi la nguo za mtoto alizokataliwa kumvisha.

"Alimuua mutoto yangu," akasema hatimaye. "Ku kilio yake sitaenda. Lakini weye, Profesa, Jumanne redio yako ilisema kabila yake, haikusema jina yake. Leo sema jina, na uache kabila." Akapumua. "Na umusome wa mwisho. Mbali na Esther."

Nimepata masomo mengi chuoni kuhusu maadili ya uandishi. Hakuna lililokuwa fupi kama hilo, wala lililonichoma hivyo.

Mchana na jioni tulisoma majina yote. La mwisho, baada ya kimya ambacho fundi mitambo alidhani ni hitilafu, nilisoma: Faustin, askari, amefia kambini Jumanne asubuhi, anatangazwa na mama yake. Hatukutaja kilio wala saa. Hakuna jiwe lililorushwa usiku ule. Sijui kama ni kwa sababu hiyo, nami sitadai.

Ijumaa, saa mbili na nusu, barabara ya hospitali ya kijeshi haikupitika. Nilikuja na kinasa sauti begani kwa mazoea, kikiwa hakina betri. Walikuwepo waimbaji wa parokia mbili. Walikuwepo wauza sombe, na yule aliyesema wamalizane wenyewe alikuwa mstari wa mbele, kitambaa kichwani, akimwambia mlinzi amwondolee bunduki usoni. Walikuwepo wakulima waliotoka Kibumba kwa miguu, wasiomjua mtu yeyote kambini. Walikuwa wamesikia saa tu. Wananchi niliokuwa nikiwawekea mikro mdomoni siku tatu nyuma sasa walikuwa wametoa maoni yao kwa miguu.

Kapteni alitoka na karatasi. Alisoma majina ya askari na kusema kwamba, kwa huruma ya uongozi, miili hii itakabidhiwa familia. Alipomaliza, Mama Esther alikuwa bado amesimama.

"Na mutoto yangu?"

"Mama, hii ni listi ya morgue. Hakuna raia ku listi."

"Haiko ku listi yenu?"

"Haiko."

"Basi kama haiko ku listi yenu, si wenu," akasema Mama Esther. "Mumutoshe inje."

Kisha yule muuza sombe akalirudia, si wenu, mumutoshe, na waliokuwa nyuma yake, na waliokuwa nyuma ya hao, hadi neno likafika barabara kuu. Kapteni aliitazama karatasi yake kwa muda mrefu kana kwamba inaweza kumshauri. Hakutoa amri yoyote. Alisogea tu kando ya lango, hatua moja, na mfagiaji wa morgue akatoka ameubeba mtoto mikononi, amefunikwa kwa kitenge cha mfagiaji mwenyewe. Mama yake alimvisha pale pale, wanawake wamewazunguka kwa vitambaa vyao. Alizikwa saa nane mchana, chini ya msalaba wenye majina yake mawili.

Jumatatu barua ya pili ililetwa: kuanzia siku hiyo, komunike yoyote inayotaja mahali pa kifo ipelekwe kwanza kupigwa mhuri. Niliingia studioni nikaisoma barua yote kwa mwendo wa komunike, bila sifa, nikitaja jina la aliyeisaini, mahali ilipoandikwa na saa ilipofika, na nikalipa kila jina nafasi yake. Papa Anicet alisema ilikuwa na urefu kupita kiasi lakini imesomwa vizuri. Jioni walinichukua. Niliwekwa kizuizini siku sita, muda ambao kwa mtu wa kazi yetu hautoshi hata kujisifia.

Kila mchana Mama Esther aliniletea bugali na samaki wadogo. Langoni palikuwa na rejista ya kijeshi, na kila mgeni alitakiwa kutaja jina lake liandikwe. Nilikuwa nikiwasikia kutoka ndani.

"Jina, mama?"

"Esther Nabintu," alikuwa akijibu, polepole, akimngoja askari amalize kila herufi. Siku sita, mara sita.